Mfuko wa Mama Onyiego

Kila Ijumaa asubuhi Gesare huteremka sokoni Ogembo na mfuko wa supamaketi umekunjwa kwapani, na mchana hurudi nao umetuna. Majirani humwona akipanda kilima, wakasema kijana wake Onyiego, yule wa Nairobi, hajamsahau mamake. Mkate huchungulia mdomoni mwa mfuko ili wote wauone. Chini yake mna sweta kuukuu na majani makavu ya mgomba, ambayo Gesare huyashindilia kule mtoni akishahakikisha hapana mtu.

Onyiego alikuja mara ya mwisho Desemba ya mwaka juzi. Alileta mfuko huohuo ukiwa na mchele na sukari, akapiga picha na mamake, akaenda zake. Siku hizi hata simu hapigi. Gesare humkasirikia mwanawe, lakini macho ya watu ndiyo humnyima usingizi. Huku mtu husomwa kwa anachobeba. Lorna, jirani yake, alipoanza kununua mafuta ya kupimiwa, kijiji kizima kilijua mumewe ameachishwa kazi kabla yeye hajafika nyumbani na kikombe chake cha mafuta. Walicheka, na Gesare alicheka nao.

Ijumaa iliyopita alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Aliuza mkungu wake wa mwisho wa ndizi, akapata mkate mmoja wa kumvusha Sabato, maana jua likizama hauzi wala hanunui.

Mlangoni akawakuta akina mama wa kanisa, wakiwa na beseni la unga na maharagwe. Mbele yao alikuwa Mama Momanyi, na nyuma Lorna. Wamejua, Gesare aliwaza, na ingawa aibu ilimpanda, alikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Mama Onyiego, tunazungukia wazee wasio na mtu," Mama Momanyi akasema. "Hii tunampelekea mzee Nyasani. Sasa wewe Mungu amekupatia kijana anakukumbuka, tukaona hatuwezi kukupita. Tuongezee hata kitu kidogo."

Lorna akanyoosha mkono ampokee mzigo. Gesare akaukumbatia. Angeweza kusema ukweli palepale, na maneno alikuwa nayo mdomoni, ila Lorna hakuuondolea macho ule mfuko.

"Chukueni huu mkate," akasema. "Huyu mtoto ananiletea mingi, hata siwezi kumaliza."

Wakamshukuru. Mama Momanyi akamwombea Onyiego kwa jina, sala ndefu, azidi kubarikiwa kwa jinsi anavyomtunza mzazi wake. Gesare akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Walipoondoka aliingia jikoni, akamwaga yale majani kwenye mafiga. Akateleka sufuria ya maji matupu, akayatia majani moto, ili majirani waone moshi.