Volkano ya Utende

Masika yalipoingia, wageni waliondoka na hoteli tuliyofanyia kazi Utende, kisiwani Mafia, ikafungwa. Tulibaki wachache wa kuiangalia. Mimi nilikuwa wa mapokezi. Mwenzangu wa karibu alikuwa mfuaji wa nguo, mama wa makamo asiyependa kukaa bure. Intaneti ilibaki wazi, na meneja alituruhusu tuitumie.

Nikagundua kuna vyuo vya ng'ambo vinafundisha bure mtandaoni. Nikamwonyesha mama orodha ya kozi. Nilidhani atachagua mapishi au ushonaji. Akagusa picha ya mlima unaotema moto.

"Hii."

"Mama, Mafia hatuna hata kilima."

"Ndiyo maana."

Mpishi naye alijiunga, akaacha wiki ya pili. Simlaumu. Mwalimu alizungumza Kiingereza mbiombio, na mvua ikizidi mtandao ulikatika katikati ya sentensi. Tulirudia kila kipande, mimi nikitafsiri, yeye akinisimamisha: "Hapo umeruka." Na kweli, nilikuwa nimeruka nisipopaelewa.

Zoezi la mwisho lilikuwa kutengeneza volkano na kuirekodi, kisha wanafunzi tusahihishane. Tulifinyanga mlima wa mchanga ufukweni, tukatia kopo la magadi soda na rangi ya ubuyu, tukamimina siki. Povu jekundu likafoka, likateremka mpaka miguuni kwetu. Mama akaruka nyuma akicheka, kanga ikamvuka begani.

Askari wa hifadhi ya bahari akatokea, uso umemkunjamana.

"Shikamoo mama. Hapa kumechinjwa nini?"

"Marahaba baba. Volkano hiyo."

Tukamweleza. Akautazama mlima, akatazama huku na huku kama kuna mkubwa wake.

"Inaweza kulipuka tena?"

Tukailipua tena. Mara ya tatu alimimina siki yeye mwenyewe.

Kutuma video ilikuwa kazi nyingine. Ilikwama mara kwa mara, tukazunguka na simu hadi mvua ilipotulia, ndipo video ikapita. Siku chache baadaye zikaja maksi, pamoja na ujumbe wa mwanafunzi mwenzetu, mwanamke anayeishi chini ya volkano ya kweli. Aliandika kwamba mlima wao hunguruma, na hajawahi kuucheka. Kwa video yetu amecheka.

"Mwambie ahamie huku," mama alisema. "Huku tambarare."

Tulifaulu. Ila cheti kilitaka kulipiwa, na mimi nikanyong'onyea.

"Cheti cha nini?" akaniuliza. "Kwani nataka kuajiriwa na mlima?"

Wageni waliporudi, mashuka nayo yakarudi, na nafasi yetu ikawa ile saa ya nguo kukauka kambani. Tulikaa kivulini, simu imeegemezwa kwenye ndoo, tukaanza kozi ya milima ya barafu. Mwalimu mpya alisema barafu ile hutembea, polepole, mwaka hadi mwaka.

Mama akanigeukia. "Itembee, kwani ina miguu? Rudisha nyuma, hapo umeruka."