Simenti Juu ya Mawe ya Ukoo

Shangazi yangu alivuka ziwa kutoka Ubwari kwa jambo moja tu: kuyaona mawe ya chini ya kanisa kabla macho yake hayajazimika kabisa. Yale mawe yametangulia kanisa kwa miaka mingi. Yalizunguka makaburi ya ukoo wetu, na wamisionari walipotafuta pa kujenga, babu yake, aliyekuwa amekwisha kubatizwa, aliwaonyesha kile kilima juu ya mji wa Baraka. Wakapandisha matofali juu ya mawe hayo.

Tulikuta mafundi wanayafunika kwa simenti. Pande tatu zilikuwa zimekwisha. Mzee wa kanisa alisimama pale na fimbo ya kupimia, na hakuitika salamu yetu.

"Munatafuta nini? Batu benyu balihamia kanisa ingine. Mubakie kule."

"Nimekuja kuona mawe ya batata, bazee betu ba zamani," shangazi alisema.

"Ile ni mawe ya mashetani. Tunaifunika."

"Mashetani ndiyo ilibeba kanisa yako miaka yote hii?"

Fundi mmoja alicheka. Mzee akamkazia macho, naye akainamia kazi yake. Shangazi akapiga magoti ukutani, akaanza kupapasa jiwe moja baada ya jingine, taratibu, kama anayetafuta uso wa mtu gizani.

"Mama, toka hapo."

Hakutoka. Mzee akamnyang'anya fundi mwiko, akachota simenti, akaibamiza juu ya jiwe ambalo shangazi alikuwa amelishika. Simenti ikafunika vidole vyake. Hakuuondoa mkono.

Mimi ni mwalimu, watoto wa yule mzee nimewafundisha. Nilimsukuma kwa mikono miwili. Akaanguka chali kwenye lundo la mchanga, na mafundi wakatuzunguka, wakatusindikiza hadi barabarani kwa matusi.

Ziwani nilimwosha shangazi mkono. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Nilingoja neno la shukrani.

"We mujinga," alisema. "Mi nilikuwa nimemushinda. Sasa ataenda kusema tulimupiga."

Ndivyo mzee alivyosema, tena kanisani kwao, Jumapili ile. Siku hizi tukikutana sokoni huvuka njia, nami namtazama mpaka apotee. Shangazi alirudi Ubwari bila kuniaga. Ukuta wote ni wa kijivu sasa. Watu husema nikaombe msamaha. Kwa mzee yule, hapana.