Siku Askari wa Salimu Walipogoma

Laiti ningesema hapana siku ile, hapa Guangzhou, China, katika duka la jumla la mtaa wa Yide Lu lililonuka plastiki mpya, mwenye duka aliponishauri nijazie mzigo wetu wa madaftari na wanasesere kwa maboksi ya bunduki za kuchezea. "Rafiki, wakati wa sikukuu, hizi hazikai dukani," alisema. Salimu, mshirika wangu tangu tuanze biashara, akaweka chini kikombe chake cha chai. "Mimi nimegoma," akasema. Nikacheka, nikakubali mzigo.

Neno hilo la kugoma tulilipata utotoni, Tanga, kwa Bwana Emili, Mswisi aliyepanga chumba cha uani kwetu msimu mmoja wa vuli. Kwao alikuwa fundi wa reli, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kisha mbunge. Katikati ya hayo alifungwa jela kwa kukataa kushika bunduki ya jeshi. Kwetu alikuja kuwafundisha makuli wa bandarini namna ya kudai haki zao. Chumba chake kilinukia kahawa na hakikufungwa mlango. Tuliingia bila hodi, tukala mkate wake. Jioni moja tulikuwa tukipigana vita uani, bunduki zetu vikonyo vya majani ya mpapai, Salimu akiwa jenerali. Bwana Emili akachungulia, povu la sabuni ya kunyolea shavuni.

"Jenerali, askari wako wanapata mshahara?"

"Hawapati!"

"Na chakula?"

"Wakale kwao!"

"Basi, askari, gomeni."

Tukaketi chini sote. Salimu akapiga kelele, "Pigeni! Nyie, pigeni!" mpaka sauti ikamkauka. "Piga mwenyewe, jenerali," nikamwambia. Alicheka hadi akagaagaa mchangani, akatupa kikonyo chake. Tangu hapo, Salimu akisema amegoma, ujue hana mzaha. Nilijua hivyo Yide Lu, na bado nikacheka.

Leo nanywa chai huku huku Guangzhou, mtaa wa Dengfeng, kati ya vijana wa Dar na Unguja. Wananipa shikamoo, wananisogezea kiti, wananiuliza habari za makontena. Ni watoto wazuri, lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kumwita jenerali akacheka. Bunduki ziliuzika zote. Salimu alirudi Tanga wiki ileile, hakupokea simu zangu tena, na alipozikwa mimi nilikuwa huku. Mzigo ule ulinigharimu rafiki wa mwisho aliyenijua nikiwa mtoto.