Redio Ndogo ya Mama

Mama alitaka kitu kimoja tu: kumsikia Baba akiimba. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu akikamua ng'ombe, mwaka mmoja kabla hajafariki. Simu ilikufa, lakini kadi yake ya memori ilibaki, na Mama akaifunga kwenye pindo la leso yake, nyumbani kwetu Mabanga.

Mimi naishi Kitale. Kwa wiki mbili nilipita mbele ya duka moja nikikitazama kiredio chekundu cha plastiki kinachocheza kadi. Kilikuwa na tochi, bei yake ilikuwa ya chini, na kilikuwa chepesi mno. Rahisi huvunja upishi, nilijiambia, nikaenda zangu. Kesho yake nikarudi. Redio kubwa iliyokuwa kando yake ilinivutia, lakini kwa bei hiyo ningenunua mbolea. Nilipomtembelea Mama nilimwambia ukweli, kwamba kile kidogo sikiamini.

"Si uchukue kadi uende ujaribu nayo," akanijibu, akanipa kadi iliyofungwa kwenye kikaratasi.

Muuzaji alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta kabla sijamaliza kueleza. Baada ya dakika chache kiredio kikapaza sauti: kwaya, kinanda, makofi.

"Hii si yetu," nikasema. "Baba yangu yuko wapi?"

"Madam, si nimekuwekea gospel mingi, bure kabisa? Nimefuta tu hizo zilikuwa."

Nilimtukana, wala sioni haya kusema. Kisha nikalia mbele ya wateja wake. Na kwa kuwa sikujua nitarudi kwa Mama na nini mkononi, nilikinunua kile kiredio.

Jumamosi nilifika Mabanga. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Nilipiga magoti, nikakiri yote. Akacheka mpaka gunzi likamtoka mkononi.

"Ati nikupatie sauti ya baba yako uzunguke nayo Kitale? Vitu vyake bado havijagawanywa. Hakuna kitu yake inatoka hapa boma kabla ya hiyo siku. Wewe nilikupatia kadi ingine, ile ya kwaya ya kanisa."

Mila hiyo naijua tangu utotoni, ila nilidhani ni ya majembe na makoti tu. Nilijibwaga pale pale juu ya maganda, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sijawahi kufurahia kuonekana mjinga kama siku hiyo.

Mama akafungua pindo la leso. Kadi ikaingia. Kwanza tulisikia maziwa yakipiga ndoo, kisha Baba akaanza kuimba. Kiredio kilikwaruza kidogo kwenye sauti nzito, lakini alikuwa yeye, pamoja na kile kikohozi chake. Suala la bei likanitoka kichwani. Katikati ya wimbo akakatiza, kama alivyofanya siku ile nilipomrekodi.

"Zima hiyo kitu bana, unamaliza chaji."

Mama akakiweka kiganja juu ya kiredio.

"Chaji iko, mzee," akamwambia. "Wewe imba."