Kiti cha Afisa Juu ya Jukwaa la Muhogo

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usiongeze maneno yako.

Katika uwanja wa wazi wa Chuno, hapa Mtwara, palikuwa na jukwaa la saruji, mali ya mji, lililojengwa ili viongozi wasimame juu yake siku za sikukuu. Sikukuu zilikuwa chache. Siku nyingine zote jukwaa lile lilikuwa letu, wanawake wa muhogo. Tuliuleta muhogo kutoka mashambani Mpapura, tukaumenya, tukaupasua, tukauanika pale hadi ukawa makopa, na papo hapo tukayauza. Makopa ya mchangani yana mchanga, na mnunuzi akishauma mchanga harudi. Saruji ndiyo iliyotupa makopa meupe. Bila jukwaa sikuwa na biashara, na bila biashara watoto wangu wangekula makopa hayo asubuhi na jioni hadi wafanane nayo.

Kisha akaja afisa mpya, aliyekabidhiwa viwanja na majengo ya mji. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kumenya muhogo.

"Mama, hii ni mali ya umma," akasema. "Haitumiki kwa faida ya mtu binafsi."

"Umma ni nani, baba?"

"Ni wananchi wote."

"Na mimi?"

Akafikiri sana. "Wewe ni mwananchi, mama. Muhogo wako si mwananchi. Kesho jioni nikute jukwaa tupu."

Muhogo wangu ulikuwa mbichi, umeanikwa asubuhi ile. Kuutoa kabla haujakauka ni kuukabidhi kwa ukungu. Lakini alipoondoka, yule kijana alituaga kwa Kimakua safi, na jirani yangu akanishika mkono.

"Umesikia? Mmakua yule! Mtani wetu!"

Mimi ni Mmakonde. Kwetu Mmakonde na Mmakua ni watani: mmoja aweza kumtukana mwenzake hadharani na kumnyang'anya kitu chake, na mwenye kitu hana budi kukikomboa kwa zawadi huku akicheka. Anayekasirika amejivunjia heshima, yeye na ukoo wake. Nikaona njia imefunguka: nichukue kitu chake, akikomboe kwa kutuachia jukwaa.

Asubuhi nikaenda ofisini kwake kabla hajafika. Tarishi aliniuliza shida yangu. Nilipomwambia ni utani, alinishikia mlango. Nikajitwika kiti cha afisa kichwani, nikavuka nacho uwanja, nikakiweka katikati ya jukwaa, nikaketi. Usiandike kwamba nilijisikia vizuri. Andika kwamba niliketi.

Afisa alikuja mbio.

"Njoo ukikomboe, Mmakua wee!" nikamwita. "Kichwa kama kinu kilichokosa mchi!"

"Na miguu hiyo," akadakia jirani yangu, "umwambie korongo umeshamaliza kuiazima!"

Watu wakajaa. Afisa akamwita mgambo anikamate. Mgambo akaja, akatazama kiti, akanitazama mimi, akamsogelea afisa kwa upole.

"Ndugu afisa, usikasirike mbele za watu. Huyu ni mtani wako."

"Mtani gani? Mimi ni Mhaya! Nimetoka Bukoba!"

Kumbe Kimakua alikuwa amefundishwa na mama mwenye nyumba aliyopanga, naye akakitumia kwa kila mtu kwa adabu tu. Nami nilikuwa nimemtukana mtumishi wa serikali bila ruhusa ya mila, nikiwa nimekalia kiti chake. Sikuogopa. Miguu ilikufa ganzi, ndiyo maana sikuinuka.

Akaletwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye kikohozi. Alisikiliza pande zote, akakohoa, akamuuliza afisa, "Tangu umefika mjini, nani anakupikia?"

"Mama mwenye nyumba."

"Mmakua?"

"Mmakua."

"Basi. Anayelishwa na Wamakua ni mtoto wao hadi atakapohama. Ukikataa, ukamwambie mwenyewe kwamba chakula chake hakikukufanya mtu wa nyumbani."

Afisa akageuka kutazama upande wa nyumba aliyopanga. Nadhani alikuwa anafikiria chakula cha jioni.

"Na mimi nikiwa mtani," akauliza, "nina haki gani?"

"Zote alizo nazo mama huyu," akajibu balozi.

Kijana akapanda jukwaani. Akasema anakikomboa kiti chake: tuanike na tuuze, mradi tulifagie jukwaa kila sikukuu inapokaribia. Nikainuka. Nilikuwa bado namshukuru alipoinama, akachukua tenga langu kubwa kuliko yote, la makopa makavu yaliyongoja wateja, akajitwika upandeupande kama mtu anayebeba mbuzi asiyetaka safari.

"Njoo ulikomboe, Mmakonde wee!" akapaza sauti. "Uso kama muhogo uliosahauliwa shambani!"

Uwanja mzima ukanigeukia kuona kama nitakasirika. Nikacheka. Nilicheka hadi meno yakaniuma, kisha nikaenda kumsongea ugali ili nilipate tenga langu.

Wiki iliyofuata alichukua lingine. Alikaa Mtwara muda mrefu, jukwaa likabaki letu, naye akajifunza kuchagua makopa meupe kuliko mnunuzi yeyote. Na kila alipopita na tenga kichwani nilisimama jukwaani nikicheka, kwa kuwa mila ilikuwa yangu na ni mimi niliyemfundisha.