Moja Tu kwa Siku

Nazira aliikuta karatasi ya kwanza kwenye mfuko wa suruali ya kazi ya mumewe, alipokuwa akiipekua kabla ya kuifua. Ilikuwa karatasi ya kung'aa, rangi ya kahawia, mfano wa zile zinazofungiwa biskuti. Hakuishughulikia. Mtu mzima kula kitu kitamu kazini kwake si habari. Aliitupa motoni, ikanuka vibaya, basi.

Ya pili aliikuta mwezi uliofuata. Halafu ya tatu. Ya nne ilikuwa na maandishi ya mkono kwa wino wa buluu, mwandiko wa duara, mzuri, wa mtu aliyezoea kalamu: *Só uma por dia. P.*

Aliketi kwenye kigoda, suruali mapajani, povu likizimika kwenye beseni.

Mumewe, Jamaldine, aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kule Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi. Alikaa kambini wiki nne, kisha akarudi nyumbani Mocímboa da Praia kwa wiki moja. Nazira mwenyewe alijulikana mtaa mzima wa Nanduadua kwa kashata zake. Waliporudi kutoka mji wa Pemba, kusini mwa hapo, walikokuwa wamekimbilia vita na kuishi miaka miwili kwenye chumba cha kuazima, kitu cha kwanza alichokitafuta hakikuwa kitanda, kilikuwa kikaango. Jamaldine alipenda kusema mbele za watu kwamba alimuoa kwa ajili ya kashata. Kila aliporudi kutoka kambini sahani ilimsubiri, na kila alipoondoka alifungiwa kopo zima.

Kireno cha Nazira kilikuwa cha sokoni. Alichukua ile karatasi akaenda nyumba ya pili, kwa Deolinda, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Inhambane aliyepangiwa kazi hapa.

"Professora, hebu nisomee hii."

Deolinda akasoma, akatabasamu. "'Moja tu kwa siku.' Nani kakuandikia?"

"Sikuandikiwa mimi."

Tabasamu likaisha. Deolinda akaigeuza karatasi nyuma, kama mtu anayetafuta pa kuangalia. "Ni barra hii. Kama kashata yako, ila ya kiwandani. Tazama, wameandika vilivyomo: karanga, korosho, mbegu za maboga, unga wa njegere, chumvi. Vitu vitano tu. Hata sukari hawakutia."

"Kashata bila sukari?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na hiyo P?"

"P ni jina la mtu. Paulo. Pedro. Pascoal…" Deolinda alikuwa akiokota majina ya kiume, na wote wawili walijua kwamba anayaokota.

"Patrícia," alisema Nazira.

Jina hilo, la muuguzi wa kambini, lilikuwa limeingia nyumbani kwake muda mrefu, naye hakulitilia maanani. Enfermeira Patrícia kasema tunywe maji mengi. Enfermeira Patrícia kasema ni vizuri kutembea baada ya kula. Jamaldine, ambaye tangu waoane hakuwahi kutembea baada ya kula, siku hizi alikuwa akimaliza wali, ananawa, anazunguka mtaa mara mbili. Nazira alidhani ni mambo ya umri. Sasa aliona kwamba mumewe anatembea kwa amri ya mwanamke mwingine.

Kuanzia hapo hakupata raha. Alimpigia simu mchana, akamuuliza amekula nini, na huku anasikiliza kama kuna sauti ya kike nyuma. Aliuliza, "Uko na nani?" na Jamaldine akijibu, "Na wenzangu," aliona jibu ni fupi mno. Kichwani alimchora huyo Patrícia: mwembamba, mkono laini usiojua mchi wala moshi, ananyoosha kile kipande cha karanga na kusema moja tu, kesho nitakupa nyingine. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kilikuwa karanga. Angempa saa, angempa shati, Nazira angejua la kufanya. Lakini karanga zilikuwa zake.

Basi akashindana kwa alichokuwa nacho. Jamaldine aliporudi, kashata zilikuwa na sukari mara moja na nusu, na nazi nyingi, na hiliki. Alipoondoka, kopo lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Jamaldine alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama kidogo, akasema asante.

Mwezi huohuo Deolinda alileta habari kwamba kutakuwa na siku ya afya kwenye uwanja wa shule. Wauguzi wa mjini watapima watu presha na sukari, na wa kambini watakuja kusaidia.

"Na yule naye?" aliuliza Nazira.

"Jina lake limo kwenye orodha. Lakini dada, usiende kugombana."

"Nakwenda kupimwa."

Siku mbili alijipaka msiro, ule unga mweupe wa mti, mpaka uso ukawa kama wa mwari. Alivaa kanga mpya, akapanga foleni jua likimchoma, na kila alipoonyeshwa meza nyingine alimpisha wa nyuma yake, mpaka akafika anapopataka.

Patrícia alikuwa mzuri kweli. Nazira alikuwa amemwomba Mungu mwanamke huyo awe wa kawaida, na hakuwa. Alikuwa na shingo ndefu na sauti ya chini, na Kiswahili alichojifunza kambini, cha kukatika-katika lakini cha adabu.

"Karibu, mama. Kidole tafadhali. Jina?"

"Nazira. Mke wa Jamaldine. Wa mashine za mizigo."

Kalamu ilisimama. "Ah," alisema Patrícia, na uso wake ukafunguka. "Mama wa kashata!"

"Unanijua?"

"Yeye anasema sana juu ya mama."

"Na wewe unampa barra, unaandika moja tu kwa siku. Kwa nini?"

Patrícia akamtazama. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana mtu anayechagua maneno katika lugha asiyoimiliki. "Mama, hilo siwezi kusema. Ni la mgonjwa. Muulize yeye."

Akamchoma kidole, akamwambia sukari yake ni nzuri, akamwita anayefuata.

Nazira alirudi nyumbani na pamba kidoleni. Alikwenda akitarajia kukuta mapenzi ya siri, akakuta kitu ambacho hakukijua kwa jina, na kilimuuma vilevile. Ndani ya mwili wa mume wake mlikuwa na jambo. Mwanamke mwingine alilijua, alilishika, alilifunga mdomoni kwa heshima zote. Yeye aliyemfulia na kumpikia miaka ishirini na miwili aliambiwa amuulize.

Jamaldine aliporudi, alioga, akakaa mkekani. Nazira akaweka sahani mbele yake, akaketi kumkabili.

"Kula, baba Hafsa."

Akachukua kipande kimoja, akakila polepole.

"Kula kingine."

"Kimenitosha."

"Zamani hakikukutosha. Kula."

Alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akaisogeza sahani kando kwa vidole viwili, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Nina sukari," alisema. "Walinipima kambini. Huu ni mwezi wa nane tangu wanipime."

Nazira alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, na hayo hayakuwamo. "Na kashata ninazokufungia?"

"Nawagawia wenzangu."

"Zote?"

"Zote. Wanakusifu sana."

"Ukamwambia yeye kabla yangu."

"Sikumwambia, mama Hafsa. Yeye ndiye aliyeniambia. Ningekwambiaje wewe? Kila nikifungua mlango, umenishikia sahani. Halafu niliogopa. Wakubwa wa kazi wakisikia mtu ni mgonjwa, hawamwongezei mkataba. Yule alisema nikila vizuri na kumeza dawa nitafanya kazi kama kawaida. Na kila mchana nilikuwa nashikwa na hamu ya kashata, basi akaniletea kitu cha kuipoza."

Nazira alilia, na hata katika kilio chake alijua kwamba sehemu ni huruma na sehemu ni hasira: kwamba hamu ya kashata zake ilikuwa ikipozwa na mkono wa mwingine.

Asubuhi yake alimchukua Deolinda wakaenda maduka ya karibu na soko. Walisimama mbele ya rafu wakichukua barra moja baada ya nyingine, mwenye duka akiwatazama. Deolinda alimfundisha: kilichotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Moja ilikuwa na picha ya mwanariadha aliyetunisha misuli. Neno la kwanza sukari, la pili maji ya sukari, karanga za sita. Nyingine iliandikwa "asilia" kwa herufi za kijani, na nyuma yake orodha ndefu ya majina ambayo hata Deolinda aliyasoma kwa kukwama.

"Hii inasema ina protini," alisema Deolinda.

"Na asali imetajwa ya kwanza. Kwa mtu wa sukari, asali si sukari?"

"Ni sukari."

"Basi rudisha."

Walirudisha zote. Ile ya Patrícia ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, na Nazira alikiri moyoni kwamba yule mwanamke alijua kuchagua. Kukiri huko hakukumfurahisha.

Alianza kujaribu. Karanga na korosho alizikaanga bila mafuta, ufuta akautia mwishoni usiungue. Njegere hakuwa nazo, lakini mbaazi zipo kila shamba. Akazikaanga zikawa za dhahabu, akazitwanga unga. Bila sukari ya kushikanisha, kila kitu kilibaki mchanga. Alijaribu uji wa muhogo, ukawa kama gundi. Siku moja alitia dagaa wa kusaga kwa ajili ya protini, na paka ndiye aliyefaidika. Mwishowe alipiga mayai, akachanganya na karanga zilizosagwa laini, akatandaza kwenye sufuria pana, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alipokata, vipande vilisimama. Vilikuwa na chumvi kidogo, harufu ya kuchoma, na kakipande kadogo ka ndizi kavu hapa na pale, kiasi cha ulimi kujua kwamba umekumbukwa.

Jamaldine alikula kimoja. Akaomba kingine.

"Moja tu kwa siku," alisema Nazira. Ikamuudhi kwamba maneno hayo yalikuwa na mwenyewe.

Jamaldine alipeleka kopo kambini, na baada ya siku nne akapiga simu. Enfermeira Patrícia ameonja. Amesema hajawahi kuona barra nzuri namna hii, na anaomba orodha ya vilivyomo, awaelekeze wagonjwa wengine.

Nazira alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akaona: sasa yule mwanamke anataka na hii. Alikwenda kwa Deolinda, akamtajia aandike kwenye simu. Karanga, ufuta, korosho, mbaazi, ndizi kavu, chumvi.

"Na mayai?" aliuliza Deolinda.

"Mayai usiandike."

"Dada."

"Atumie akili yake. Si msomi?"

Deolinda akatuma kama alivyoambiwa.

Siku ya tatu, Nazira akichambua karanga, simu iliita. Sauti ya chini, ya kukatika-katika.

"Mama Nazira, shikamoo. Ni Patrícia. Nimepika, imevunjika yote." Akacheka. "Nimeshindwa. Sasa Jamaldine anagawa zako. Ipo moja kwa Amade hapa, mwenzake wa kazi, anataka kula. Huyu akila yai anavimba koo, mwaka jana karibu afe. Nimeangalia orodha, yai hakuna. Ni kweli hakuna kitu kingine?"

Karanga zilimponyoka mkononi. Angeweza kusema ndiyo, hakuna, na aibu yake ingebaki imefunikwa. Wazo hilo lilipita, nalo likamtisha kuliko simu yenyewe.

"Ina yai!" alipiga kelele. "Mnyang'anye! Asile, ina yai!"

Alisikia Patrícia akisema neno kwa Kireno, kiti kikiburuzwa, mwanamume akiuliza kuna nini. Nazira alisimama uani ameushika ukuta.

"Nimechukua," alisema Patrícia hatimaye. "Hajaonja."

"Nilikuficha. Makusudi."

"Asante kwa kuniambia," alisema Patrícia. Hakuongeza lawama. Nazira angependa angeongeza, apate angalau cha kujibu. Badala yake alijikuta akimtajia kila kitu upya, mayai mangapi, makaa kiasi gani, sufuria ifunikwe muda gani. Yule wa upande wa pili aliandika, akauliza, akaandika tena.

Tangu siku ile kila kopo linalotoka kwa Nazira lina karatasi iliyobandikwa kifunikoni, kwa mwandiko wa Deolinda, na neno la kwanza kabisa ni *ovo*, yai. Wagonjwa wawili wengine wa kambini hutuma kuagiza. Kashata za sukari bado anauza sokoni kwa wanaozitaka. Wivu haujaisha, na yeye hasemi kwamba umeisha. Jamaldine akirudi, huulizwa habari za kazi, habari za dawa, na kisha, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama enfermeira hajambo na siku hizi anasuka nywele namna gani.

Lakini aliweka sharti moja, na Jamaldine akalikubali bila ubishi. Kila wiki ya mapumziko wanakwenda pamoja kituo cha afya cha mjini. Muuguzi wa pale ni Osvaldo, mtu wa makamo asiyependa maneno. Nazira huingia ndani na mumewe, huvuta kiti mpaka magoti yao yagusane na meza, na kabla Osvaldo hajachukua sindano, yeye ndiye humshika Jamaldine kidole na kukifuta. Kisha huinama juu ya kile kipimo kidogo, amebana pumzi, akisubiri namba itokee.