Cicily Karwirwa na Maharagwe Chini ya Kahawa

Alizaliwa mwaka 1936 kwenye mteremko mmoja karibu na Githongo, mtoto wa tano wa wazazi waliolima ndizi, viazi vikuu na njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mama aliyejifungua. Alibatizwa Cicily akiwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani akabaki Karwirwa. Shuleni alikaa miaka mitatu tu, kisha akatolewa ili amlee mdogo wake. Hata hivyo, katika miaka hiyo alijifunza kusoma Injili polepole, kidole kikifuata mstari, na ndivyo alivyoisoma hadi uzeeni. Tangu akiwa msichana alikuwa na desturi ya kuacha kikombe cha uji juu ya jiwe la njia ya kisimani, bila kusema ni cha nani, ili mwenye njaa anywe bila kuona haya. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii Kanisa. Tunaandika tu yale waliyoyaona waliokuwapo, kabla nao hawajaondoka.

Aliolewa na Kiogora, mtu mpole na mchapakazi. Baada ya Uhuru walipanda kahawa kidogo, kama majirani. Lakini mwaka 1977 bei ilipanda sana, watu wakanunua mabati, redio na baiskeli, na kila mtu akataka miche zaidi. Kiogora alikata migomba. Akafukua viazi vikuu alivyopanda mama yake mwenyewe. Kahawa ikafika mlango wa jikoni, hata mtu akitoka na sufuria matawi yanamgusa begani. Cicily alimwuliza, "Sasa tutakula nini, baba Kaimuri?" Naye akacheka, akamjibu, "Tutanunua, kama watu wa mjini." Kiogora alifariki mwaka 1980. Bei ilikuwa imeshuka, malipo yakawa yanachelewa, na sheria ilimkataza mkulima kung'oa mti wa kahawa hata mmoja au kupanda kitu chini yake. Chochote kilichoota pale, hata kiwe chakula, kiliitwa magugu. Ndivyo watu wenye udongo mwekundu wenye rutuba na mto kila upande walivyokuja kununua chakula dukani, na walipokosa cha kununulia wakaambiwa ni wavivu.

Mwaka 1984 mvua za masika hazikuja. Yakaletwa mahindi ya manjano ya msaada, na watu wazima wenye mashamba yao wakapanga foleni na magunia matupu. Watoto waliacha shule. Wasichana walipelekwa Nairobi kufanya kazi za nyumbani kwa watu wasiojulikana. Wanaume wengine walianza kunywa asubuhi, na wanawake wengine waliacha kuja kanisani kwa aibu ya nguo zilizochakaa. Wawira, mke wa jirani, aliyetoka Kanja upande wa Embu, alikuwa na mimba. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto wa wiki tano baada ya maziwa yake kukauka. Kila aliyemwona alijua kwamba akijifungua katika njaa ile atamzika na wa pili.

Mwito wa Cicily ulimjia katikati ya Oktoba, kwenye sala ya jumuiya, siku moja baada ya mvua ya kwanza kunyesha. Katekista Mwirigi, mtu mwema, aliwaambia wavumilie, kwa maana Mungu alikuwa akiwajaribu. Cicily alisimama.

"Katekista, jana Mungu alitupatia mvua. Aliyetukataza kupanda si yeye."

"Mama, hayo ni mambo ya serikali."

"Basi tusimsingizie Mungu."

Kesho yake alishusha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko. Alikuwa amelala njaa miezi mingi bila kukigusa. Akapanda maharagwe katikati ya mistari yote ya kahawa yake, mchana, kando ya barabara, ambapo kila mtu angeona. Kwa Wawira alisema, "Ukijifungua, utakula haya. Njahi sina, lakini maziwa hayabagui."

Mwanzoni mwa Desemba, maharagwe yakiwa na maua, alikuja bwana shamba aliyeitwa Bundi, kijana wa Maua mwenye viatu safi. Majirani walikusanyika kwenye ua.

"Mama, umeacha magugu kwenye kahawa. Yang'oe yote, sasa hivi, nikiona."

"Sawa, mwanangu," Cicily akasema, akapiga magoti. Aling'oa kila jani la kishona nguo na kila jani la nyasi, mstari kwa mstari, huku Bundi akimngoja juani. Alipomaliza, shamba lilikuwa safi na maharagwe yamesimama wima. Akapangusa mikono.

"Nimemaliza."

"Mama, unanichezea? Na haya?"

"Nionyeshe gugu, nitaling'oa mwenyewe. Gugu ni kile kisichomlisha mtoto. Tukienda hivyo, mwanangu, tutaanza na kahawa."

Nelius, rafiki yake wa tangu ubatizo, akapaza sauti, "Bwana shamba, chunga, viatu vyako navyo havilishi mtu!" Watu wakacheka hadi wakashikana. Lakini kicheko hakikumzuia Bundi kumpelekea chifu habari. Siku ya tatu Cicily alikamatwa, na mahakamani akaulizwa kama anajuta. Akajibu, "Najuta sikupanda mapema." Alifungwa siku kumi na nne. Askari mmoja, ambaye hatukulijua jina lake, alivua sweta lake akampa usiku wa baridi, na Cicily alimwombea askari huyo kila Jumapili maisha yake yote.

Cicily akiwa kifungoni, Wawira alijifungua msichana, Karambu. Siku ya nne maziwa yakaanza kupungua. Siku hiyohiyo Bundi alituma vibarua wawili na majembe kung'oa maharagwe, ambayo maganda yake yalikuwa ndiyo kwanza yanajaa. Nelius alipopata habari aliwaita wanawake wa jumuiya. Walikuja kumi na saba. Kila mmoja alipiga magoti kwenye mstari wake, akatandaza leso juu ya maharagwe, wakaanza Rozari kwa Kimeru. Kibarua mmoja, Njura, alikuwa mtu wa Kanja, na alimjua Wawira tangu utoto. Aliliangalia jembe lake, akaliangalia lile tawi la kahawa lililoelemea kichwa cha bibi mzee mbele yake. Akalishika tawi lile, akaliinua lisimchome, na akalishikilia hivyo hadi Rozari ilipoisha. Kisha vibarua wote wawili wakaondoka bila kukata kitu.

Cicily alirudi siku mbili kabla ya Krismasi. Hakuingia nyumbani. Alichuma maharagwe mabichi, akayapika, akayapeleka kwa Wawira, akakaa naye kila siku akimlisha kwa mkono wake. Siku ya tatu maziwa yakarudi, na Karambu akanyonya hadi akalala. Bakuli la pili alilipeleka kwa Bundi. Kijana yule alikula amesimama mlangoni. Lakini ripoti yake ya mwezi ule ilionwa baadaye na wengi: "Shamba la Cicily Karwirwa limepaliliwa vizuri. Hakuna magugu." Msimu uliofuata mteremko mzima ulipanda maharagwe chini ya kahawa, na ripoti za Bundi ziliendelea hivyohivyo.

Watu husimulia kwamba kibuyu chake hakikuwahi kuisha mbegu, ingawa aligawa kwa kila aliyeomba. Yeye alisema muujiza ni wale waliorudisha mbegu baada ya mavuno. Alifariki tarehe 9 Novemba 2004, akazikwa kwenye makaburi ya kigango. Karambu, akiwa na miaka kumi na tisa, hakuleta maua. Alipanda maharagwe juu ya kaburi. Wiki chache baadaye mlinzi mpya wa makaburi alimwuliza mwanamume mmoja aliyekuja kusali, "Haya magugu niyang'oe?" Mwanamume yule alikuwa Bundi. Akavua kofia, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake nzuri.

"Nionyeshe gugu," akasema.

Maharagwe yale huota upya kila msimu, na hayajang'olewa hadi leo. Anayetaka kumfuata Cicily asianze kwa kuwahurumia maskini. Ampelekee mwenye njaa chakula, amlishe bila kumwaibisha, halafu ainuke aulize mbele ya watu, kwa sauti, ni nani aliyemkataza kupanda.